Kioo cha Saba

Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba. Mtu asiyejua angedhani ni unywele ulionaswa kwenye rangi. Ulianzia kona ya juu ya mlango wa chumba cha kulala, ukapanda mshazari kuelekea dari, urefu wa mkono mmoja na kiganja. Siku Pimamaji alipouona kwa mara ya kwanza alikuwa na kopo la rangi mkono huu na brashi mkono ule, na zilikuwa zimebaki wiki tatu afunge ndoa. Akaliweka kopo chini. Akapanda ngazi, akaupuliza vumbi, akautazama, na hakushuka mpaka rangi ikamkaukia kwenye brashi.

Nyumba ilikuwa yake. Aliijenga mwenyewe kwa miaka mitano, tofali kwa tofali, siku za mapumziko: sebule, jiko, choo cha ndani na vyumba viwili. Hakuna fundi mwingine aliyegusa ukuta ule. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumlaumu, na hilo lilimtia baridi kuliko ufa wenyewe.

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Mtaa mzima ulimwita Pimamaji, kwa sababu ya ile rula nene ya waashi yenye kichupa cha maji katikati, ambamo kipovu cha hewa kikitulia kati ya mistari miwili ujue tofali limelala sawa. Waashi wengine huiacha kazini. Yeye alitembea nayo. Akikaribishwa kwa watu aliilaza juu ya meza kabla hajaweka kiwiko. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni aliilaza mara mbili, akachomeka karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja wa meza, ndipo akala. Baba mkwe alimtazama binti yake kwa muda mrefu.

Alikuwa na miaka thelathini na minne na bado akilala kwa mama yake, katika kitanda alichonunuliwa akiwa darasa la saba, miguu ikining'inia nje kuanzia kwenye vifundo.

Lakini tusimcheke kabla ya wakati, maana kazi yake aliijua. Watu walitoka mbali kuja kumwita awaangalizie nyufa. Kuna ufa uliolala na kuna ufa unaotembea, na kwa macho tu huwezi kuzitofautisha. Pimamaji alikuwa na njia yake, aliyoiokota kwa baba yake: anakata kipande cha kioo cha dirisha, chembamba, kirefu kama kidole, anakibandika kwa plasta juu ya ufa, ncha moja upande huu, ncha ya pili upande ule, anaandika tarehe kwa penseli. Kisha anangoja. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa karatasi, kioo hakivumilii, kinapasuka. Kikibaki kizima, ufa umelala. Ziba, paka rangi, endelea na maisha.

Miaka sita nyuma aliitwa na mume na mke waliokuwa wameoana mwezi ule ule. Kioo kilipasuka siku ya pili. Akawaambia watoke, leo hii, wasingoje hata kufungasha. Mume alinung'unika, mke akamvuta mkono wakatoka. Kesho yake asubuhi ukuta ukaanguka. Hakuumia mtu, na mtaa ulimsifu Pimamaji wiki nzima. Ila yeye ndiye aliyesaidia kuondoa kifusi, na alikiona kitanda: shuka mpya ya maua, bado ina mikunjo ya dukani, na matofali mawili yametua juu ya mito, moja kwa kila mto. Tangu siku hiyo, mtu akimtajia ndoa, kitu cha kwanza kumjia akilini kilikuwa kitanda kile.

Na kulikuwa na jingine, ambalo hakumsimulia mtu. Akiwa na miaka kumi na mmoja, baba yake aliamka kama siku zote, akanywa chai, akatia mwiko na nyundo mfukoni, akaenda kazini na hakurudi tena. Alihamia mji mwingine, huko akazeekea. Mtoto alikaa akijiuliza ni nini kilichotokea, kwa maana katika nyumba ile hajawahi kusikia sauti ikipandishwa wala sahani ikirushwa. Ukuta wenye ufa ukianguka, angalau ulikuonya. Ule wa kwao ulianguka bila ufa.

Mchumba wake alikuwa muuguzi katika kliniki ya meno, na wote walimwita Nesi, hata mama yake mzazi. Walijuana huko huko kliniki. Pimamaji alifika na jino bovu, akaliona koleo, akakumbuka kwamba ameacha saruji juani. Akarudi baada ya wiki, akaliona koleo, akakumbuka saruji. Mara ya tatu Nesi alifunga mlango kwa ufunguo.

"Saruji imeshaganda, kaka," alimwambia. "Kaa."

Akamshika mkono mpaka jino likatoka. Miaka minne baadaye Nesi alikuwa bado anapenda kusimulia kisa hicho mbele ya watu. "Nimeshika mikono ya wanaume wakubwa wakilia," alikuwa akisema. "Wote huniminya. Huyu peke yake ndiye aliyenishika."

Pimamaji alimpenda. Lisemwe wazi hilo, maana wengi walidhani hampendi. Akimwona tu anatokea mwisho wa barabara na viatu vyake vyeupe vya kazini, kifua kilimbana kwa furaha, na papo hapo akaanza kuifikiria siku atakayosimama pale na barabara iwe tupu.

Kioo cha kwanza walikibandika pamoja, Nesi ameshika ngazi. Hakuwa amekasirika wakati ule. Alipenda kujua vitu.

"Na panya akikigonga je?" aliuliza. "Si tutaahirisha ndoa kwa ajili ya panya?"

"Kikigongwa nitajua." Pimamaji alishuka, akaokota vipande viwili vilivyobaki. Kimoja akakiweka sakafuni, akakigonga kwa nyundo ndogo. "Ona. Nyota. Mistari imetawanyika kutoka pale pigo lilipotua." Cha pili akakishika ncha zote mbili kwa kitambaa, akakikunja polepole mpaka kikalia. "Mstari mmoja tu, umenyooka. Ukuta haupigi, Nesi. Ukuta unavuta. Nyota hauwezi kuichora."

Nesi alivitazama vipande vile, akavifunga kwenye kitambaa, akavitia kwenye mkoba wake.

Wiki tatu zilipita na kioo kizima. Pimamaji akasema wiki tatu ni chache, msingi unahitaji kuonja mvua. Harusi ikasogezwa. Mvua zikaja, zikaisha, kioo kizima. Akasema sasa tuone jua, akabandika cha pili kwenye ufa, juu kidogo ya cha kwanza. Kadi za mwaliko zilikuwa zimeshachapwa, basi tarehe ikakatwa kwa kalamu ikaandikwa nyingine, nayo ikakatwa, mpaka shangazi mmoja akapiga simu kuuliza kama ile ni kadi au daftari la mtoto wa shule. Methali ile ya ufa na ukuta watu walimrushia mara nyingi mno, nami sitamwongezea.

Vioo vikafika vitatu, vinne, sita. Vyote vizima. Hata hivyo nyumba ile tupu haikutulia. Kila akiingia kukagua, Pimamaji alikuta uzi mwembamba wa vumbi jeupe sakafuni, sawasawa chini ya mlango. Akaufagia. Wiki iliyofuata akaukuta tena. Mara nyingine, mchana kweupe, barabara ikiwa kimya, alisikia ndani ya ukuta kitu kikilia, tiki, mara moja tu, kisha kimya. Akiweka sikio ukutani hasikii kitu. Akiondoa sikio, tiki. Alipima upana wa ufa kwa karatasi na ulikuwa ule ule wa siku ya kwanza. Basi vumbi lile lilitoka wapi? Hakumwambia Nesi. Aliacha kabisa kupita chini ya mlango ule, akawa anaingia chumbani kwa dirisha, mguu mmoja kwanza, na siku moja jirani akampigia kelele za mwizi nyumbani kwake mwenyewe.

Alipobandika cha saba, Nesi hakushika ngazi. Alisimama katikati ya sebule, mkoba begani, kama mtu aliyepita tu.

"Hiki ni cha mwisho," alisema.

"Nesi, hebu tuone tu..."

"Nisikilize, Fundi. Nina miaka thelathini na moja. Kazini wananiuliza, nyumbani wananiuliza, hata wagonjwa wenye pamba mdomoni wananiuliza. Nakupa miezi miwili. Kikipasuka, sawa, ukuta ni mbovu, bomoa, jenga upya, nitakungoja hata mwaka. Kikiwa kizima siku ya Alhamisi ya mwisho, Ijumaa saa nne asubuhi tuko kwa msajili wa ndoa. Na Ijumaa hiyo ikipita bure, usinitafute tena."

Hakupandisha sauti hata kidogo, na Pimamaji aliogopa. Nesi akipiga kelele kulikuwa na njia ya kuzungumza. Nesi akinyamaza hivi, alikuwa ameshaamua.

Miezi miwili ilikatika. Alhamisi ile alifika kwenye nyumba saa nane mchana, jua likiwa limekaa juu ya bati. Hapakuwa na upepo. Mbwa wa jirani, ambaye humbwekea kila siku, alimtazama bila kubweka. Ndani palinuka plasta na hewa iliyofungiwa. Uzi wa vumbi ulikuwa pale pale chini ya mlango, mnene kuliko kawaida, au aliuona mnene.

Akapanda ngazi. Kioo cha saba kilikuwa kizima. Akakiangalia kwa upande, akakiangalia kwa tochi, akapitisha ukucha juu yake. Kizima kabisa, kinang'aa, na tarehe yake ya penseli pembeni.

Mtu mwingine angeshuka ngazi akiimba. Pimamaji alibaki pale juu. Vioo saba, miezi kumi na minne, mvua mbili, na ukuta haujasogea hata unywele. Hakuwa na pa kujificha tena. Kesho, saa nne, ataweka saini, na jioni mwanamke yule atalaza kichwa kwenye mto, upande wa kushoto, kwa kuwa upande wa kushoto ndio alioupenda, chini ya ukuta uliojengwa na yeye. Na siku moja, asubuhi kama asubuhi nyingine, mmoja wao atakunywa chai na kuondoka.

Nyundo ndogo ilikuwa kiunoni. Hakumbuki kuamua. Anakumbuka tu kwamba aliishika karibu na kichwa, kama mtu anayegonga msumari wa picha, akagonga mara moja, polepole. Tiki. Ikawa imekwisha.

Hajashuka hata vidato viwili akasikia lango. Nesi alikuwa ameomba kutoka kazini mapema. Aliingia na mfuko mkubwa wa karatasi, viatu vyeupe vimeshika vumbi la njiani, uso una wasiwasi na furaha vyote pamoja.

"Haya, niambie," alisema. "Maana njia nzima moyo unanienda mbio."

Pimamaji alishuka vidato vilivyobaki. Ulikuwa muda wa kutosha kabisa kusema ukweli. "Kimepasuka," alisema.

Furaha ikamtoka Nesi usoni. Aliweka mfuko chini, akavua viatu, akapanda ngazi mwenyewe. Alikaa juu muda mrefu. Kutoka chini Pimamaji aliona visigino vyake tu, na mkono wake ukishika ukuta.

"Ukuta umesogea?" aliuliza bila kugeuka.

"Umesogea."

"Lini?"

"Sijui. Nimekuta hivi hivi."

Nesi alishuka taratibu, akavaa viatu, kimoja, kisha cha pili, akafunga kamba vizuri kama anajiandaa kutembea mbali. Pimamaji alingoja amlilie, amtukane, aseme lolote.

"Sawa," alisema. "Humo kwenye mfuko mna mapazia. Nilipima dirisha mwezi uliopita ulipokuwa kazini." Alifika mlangoni akasimama. "Nafasi yetu ya kesho kwa msajili sijaifuta. Ruhusa nimeshachukua. Nitakwenda tu nikae."

Alipotoka, mbwa wa jirani alimbwekea.

Pimamaji alibaki akishukuru, kusema kweli. Moyo ulimtulia kwa muda wa kama dakika tano. Ameahidiwa mwaka mzima. Akapanda tena ngazi ili akipigie kioo picha ya simu, ushahidi wa kuwaonyesha wazee. Ndipo alipokiona vizuri. Katikati palikuwa na kidoa cheupe, na kutoka kwenye kidoa kile mistari sita ilitawanyika pande zote.

Nyota.

Fundi wa miaka kumi na sita. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza asingefanya kosa hilo, angejua kukikunja. Na mtu pekee duniani aliyefundishwa kuisoma alikuwa ametoka sasa hivi, amekaa juu ya ngazi ile ile, ameisoma mpaka mwisho, kisha akauliza maswali yake mawili na kumwacha ajibu. Pimamaji alishika ngazi kwa mikono miwili. Ndani ya ukuta kitu kikalia, tiki, na kwa mara ya kwanza hakujali.

Alimkuta mama yake sebuleni akipiga pasi gauni la kijani. Jua la jioni liliingia dirishani. Pimamaji aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango, kiti alichokuwa akikaa baba yake.

"Kioo kimepasuka, mama. Ndoa itabidi tuisogeze."

Mama hakuinua macho. Alipitisha pasi kwenye kola, akairudisha. "Tena?"

"Siyo mimi, ni ukuta. Sitaki kumwingiza mtu ndani ya nyumba nisiyoiamini. Wewe unajua. Mzee aliondoka hivi hivi, hakuna aliyeona dalili."

Pasi ikasimama. Mama aliichomoa kwenye umeme, akaisimamisha, akavuta stuli akaketi mbele yake. Alikuwa mwanamke mfupi, na hata akiketi alimtazama mwanawe kwa kwenda juu.

"Baba yako aliondoka kwa sababu mimi nilimwambia aondoke."

Pimamaji hakuelewa. "Hamkuwahi kugombana."

"Ningegombana na nani? Mtu mwenyewe hagombani. Alikuwa anakaa hapo, kwenye kiti hicho hicho, ananitazama. Nikichelewa sokoni, ananitazama. Nikinyamaza, ananitazama. Nikicheka, anataka kujua nimecheka nini. Hakunipiga, hakunitukana hata siku moja, Mungu ni shahidi. Alikuwa anangoja tu siku nitakayomwacha. Miaka kumi na miwili, mwanangu, naishi na mtu anayeningoja niharibike. Nikachoka. Nikamwambia, baba fulani, nenda ukapumzike. Akaenda. Na unajua alichoniambia mlangoni? Aliniambia, nilijua."

Alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Ufa nilikuwa nauona kila siku. Wewe ulikuwa mtoto."

Mwanawe alitazama mikono yake. Plasta ilikuwa imemkaukia kwenye kucha. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amemwonea huruma mama yake, na sasa hakujua aihamishie wapi. Aliona aibu nzito.

"Kimepasukaje hicho kioo?" mama aliuliza.

Pimamaji alianza kubandua plasta kwenye kucha. Mama alimtazama, akasimama, akalitundika gauni la kijani nyuma ya mlango.

"Mimi nimeshalipiga pasi," alisema. "Kesho nalivaa, uwepo usiwepo."

Ofisi ya msajili ilikuwa na mabenchi manne, feni moja isiyozunguka, na karani aliyeita watu kwa namba. Nesi alikuwa na namba kumi na moja. Alivaa gauni la rangi ya maziwa na viatu vyake vyeupe vya kazini, kwa kuwa vile vipya vilimbana. Kushoto kwake alikaa mama wa Pimamaji na gauni la kijani. Kulia alikaa daktari wa meno, shahidi wa upande wa bibi harusi, mzee mpole aliyeshindwa kujizuia kuwachungulia watu midomo kila walipotabasamu.

Saa nne karani akaita kumi na moja. Nesi akainua mkono. "Tuko nusu," alisema. Watu wakacheka. Karani akaita kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Ilipofika saa nne na nusu hakuna aliyekuwa akicheka tena, na daktari alikuwa ameanza kuitazama sakafu. Saa tano kasoro kumi Nesi alisimama, akanyoosha gauni, akachukua mkoba.

Pimamaji aliingia akihema. Alikuwa ametoka nyumbani saa mbili asubuhi, na kutoka kwao hadi pale ni mwendo wa nusu saa. Aligeuka njiani mara tatu. Mara ya tatu alifika hadi mlangoni kwa mama yake, akasikia nyumba ilivyo kimya, akakimbia kurudi. Suti ilimvuka mabega na shati lilikuwa limelowa. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakuwa na ile rula mkononi.

"Nilikivunja mimi," alisema, kabla hata ya salamu.

Mabenchi yote manne yakageuka.

"Kioo cha saba. Kilikuwa kizima. Vyote ni vizima, ukuta haujasogea hata kidogo. Nilikigonga kwa nyundo, halafu nikakudanganya. Nilitaka unipe mwaka. Ningekula mwaka huo, na baada ya hapo ningetafuta kioo cha nane." Sauti ilimkatika. "Naogopa, Nesi. Naogopa kila siku. Nikikuona unakuja, nakuona unaondoka."

Nesi alifungua mkoba, akatoa kitambaa kidogo, akakifungua juu ya kiganja. Ndani yake mlikuwa na vipande viwili vya kioo, vya miezi kumi na minne iliyopita, kimoja na nyota, kimoja na mstari.

"Nilijua nikiwa bado juu ya ngazi," alisema.

"Mbona hukusema?"

"Kazini kwangu mtu akisema jino haliumi, simbishii. Namngoja." Alikunja kitambaa, akakirudisha mkobani. "Lakini jana nililia njia nzima, na ujue hivyo. Nimelia mbele za watu kwa sababu yako. Unadhani uoga ni wako peke yako? Mimi siogopi? Nafunga ndoa na mtu anayeingia chumbani kwa dirisha!"

Daktari wa meno alikohoa. Mama wa Pimamaji alitazama ukuta wa pili.

"Sijui kama nimekusamehe," Nesi aliendelea. "Nitajua mbele ya safari. Ila nakwambia jambo moja, mbele ya mama na mbele ya hawa wote. Sitaishi natazamwa kama ufa. Ukiweka kioo kingine kwenye nyumba ile, hata cha kunyolea ndevu, nahama."

"Sitaweka."

"Na mimi nisikukute unanipima."

"Hutanikuta." Akafikiria, akajirekebisha. "Sitakupima."

Nesi alimtazama muda mrefu, kama alivyokitazama kile kioo. Kisha akamgeukia karani na kuuliza kama namba kumi na moja bado inafaa.

Adhuhuri ile ile walikuwa kwenye nyumba, wawili tu. Wengine walisema watafuata na chakula. Nesi hakubadili gauni. Alisogeza ngazi mwenyewe, akaomba patasi na nyundo ndogo, akapanda. Pimamaji alishika ngazi. Akavibandua vyote kimoja kimoja, kuanzia cha kwanza, na kila kimoja kilipoanguka sakafuni kilivunjika kwa sauti yake. Plasta ilimdondokea Pimamaji kichwani na mabegani, akaacha ikae. Kile cha saba Nesi alikibandua taratibu zaidi, akakitazama kidogo, akakiachia na chenyewe.

Ukuta ukabaki mtupu, na ufa wake, na alama saba za plasta.

"Sasa tutajuaje?" Pimamaji aliuliza. Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kweli kujua.

"Tutausikia," alisema Nesi.

Alishuka, akafagia vioo kwa ufagio hadi kwenye kona, akachukua mfuko wa mapazia, akaingia chumbani. Alipita chini ya ufa bila kuangalia juu. Pimamaji alimsikia akiburuta kiti kuelekea dirishani, lile lile alilokuwa akiingilia.

Yeye alisimama nje ya mlango. Mikono ilitafuta rula, haikuikuta. Nje palikuwa kimya. Na hapo, ndani ya ukuta, juu kidogo ya kichwa chake, kitu kikalia.

Tiki.

Kiti kikaacha kuburutwa.

"Umesikia?" Pimamaji aliuliza kwa sauti ndogo.

Sauti ya Nesi nayo haikuwa na uhakika sana. "Nimesikia," alisema. "Njoo unishikie kiti."

Uzi wa vumbi jeupe ulishuka polepole katikati ya mlango. Pimamaji akainamisha kichwa, ingawa mlango ule aliujenga mrefu kuliko yeye kwa futi nzima, akapita.